Somi, binti wa Illinois anayeimba habari zetu

Mwezi huu nimekusudia kuwaletea habari za mwimbaji mmoja, na nitawaletea, lakini sina budi kuanza na aibu yangu mwenyewe.

Miezi michache iliyopita tulikuwa harusini hapa Leicester. Binti yangu wa miaka 16, aliyezaliwa hapahapa, alikuwa anasaidia kugawa pilau. Akamwendea bibi mmoja mtu mzima, akampa shikamoo yake vizuri, kisha akasema, "Bibi, chakula yako iko hapa." Meza nzima ikaangua kicheko. Mama mmoja akasema, "Haya, Mzungu wenu huyo!" Na mimi baba yake, badala ya kumtetea, nikacheka kuliko wote.

Tangu siku ile mtoto hakunijibu tena kwa Kiswahili. Namsemesha kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza, tena kwa adabu kabisa. Mama yake alinionya kwamba nimeharibu kitu. Mimi nikasema ni mambo ya ujana, yatapita. Hayakupita.

Juzi nilikuwa nampeleka kwenye mazoezi ya kwaya, akaunganisha simu yake na redio ya gari. Ikatoka sauti ya mwanamke, tulivu, isiyo na haraka. Nikauliza ni nani huyo. "Somi," akasema. "Anaimba jazz na soul. Wazazi wake wanatoka Uganda na Rwanda, yeye kazaliwa Marekani. Kama mimi nilivyozaliwa hapa."

Kwa mtu aliyelelewa na redio ya baba yake kule Tanga, ukisema jazz anakumbuka Western Jazz, Tabora Jazz na Morogoro Jazz, bendi zilizobeba jina hilo huku zikipiga dansi. Hii ilikuwa jazz nyingine. Usiku ule nikakaa jikoni na simu, nikasoma habari zake na kusikiliza nyimbo zake hadi chai ikapoa.

Jina lake kamili ni Laura Kabasomi Kakoma. Alizaliwa Illinois, akaishi kwa muda Ndola, Zambia, alipokuwa mdogo, kisha familia ikarudi Illinois, akakulia Champaign, mji wa chuo kikuu. Angalieni jina alilolichagua kupanda nalo jukwaani. Watoto wetu wengi wakifika shule hujikatia majina: Mwanaidi anakuwa Mona, Ramadhani anakuwa Ray. Huyu tayari alikuwa na Laura, jina ambalo kila mwalimu Marekani angelitamka bila kutafuna ulimi. Akaliweka kando, akalikata Kabasomi, akabaki na Somi.

Shahada yake ya kwanza, katika Chuo Kikuu cha Illinois, ilikuwa ya anthropolojia na masomo ya Afrika, yaani elimu ya watu na namna wanavyoishi. Ya pili, ya sanaa za maonyesho, aliichukua Chuo Kikuu cha New York. Nawasikia wazazi wenzangu: anthropolojia, halafu uimbaji, atakula nini? Nami ningeuliza hivyohivyo. Lakini ukizisikiliza kazi zake unaona kwamba elimu ile haikupotea. Huyu ni mwimbaji anayekwenda kwa watu, akakaa, akauliza, akasikiliza, ndipo akatunga.

Mwaka 2007 alitoa albamu ya Red Soil in My Eyes, na mwaka 2009 If the Rains Come First. Katika hiyo ya pili yumo Hugh Masekela, mpiga tarumbeta mkubwa wa Afrika Kusini, ambaye alimshika mkono na kumlea kisanii. Baadaye Somi akafanya jambo lililonishangaza. Alihamia Lagos, Nigeria, akakaa miezi 18. Hakwenda Kampala wala Kigali kwa jamaa zake. Alikwenda mji mkubwa wa Afrika ambako yeye pia ni mgeni, asiye na ukoo wa kumpokea wala wa kumsahihisha. Alichokiona na kukisikia huko akakitia katika albamu ya The Lagos Music Salon, iliyotoka mwaka 2014, akaimba humo pamoja na Angélique Kidjo wa Benin na Common wa Chicago.

Lakini albamu iliyonigusa hasa ni Petite Afrique, ya mwaka 2017. Somi alikuwa mkazi wa Harlem, New York. Huko kuna mtaa wa 116, ambako Waafrika wa Magharibi, kutoka Senegal, Guinea, Mali na Ivory Coast, walifungua maduka, migahawa na saluni za kusuka, wengine wakashika usukani wa teksi. Kisha kodi zikapanda, wenye fedha wakahamia, na waliokuwa wameujenga mtaa wakaanza kusukumwa nje. Somi alizungumza na watu hao, wakiwemo madereva wa teksi, na kutokana na maneno yao akatunga nyimbo. Wimbo mmoja aliuchukua kutoka kwa Sting, ule wa Mwingereza anayeishi New York, akaugeuza ukawa wa Mwafrika anayeishi New York. Albamu hiyo ilishinda tuzo ya NAACP Image mwaka 2018 kama albamu bora ya jazz.

Mimi niliendesha teksi hapa Leicester kwa miaka sita, kwa hiyo sikuhitaji kutafsiriwa. Kila dereva wa teksi mwenye rangi yangu analijua swali la abiria: "Unatoka wapi?" Ukitaja mtaa unaokaa, anarudia: "Hapana, hasa hasa unatoka wapi?" Hasemi kwa ubaya, mara nyingi. Lakini ukiulizwa mara kumi kwa zamu moja, ukifika nyumbani unajihisi kama mzigo uliokosewa anuani. Binti yangu huulizwa swali hilo shuleni. Na siku ile harusini aliulizwa tena, safari hii na watu wa kwao, na aliyeuliza kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa baba yake.

Mwacha asili ni mtumwa, ndivyo tunavyowaambia watoto. Sawa. Lakini mtoto yule hakuacha asili. Aliinama na sahani mbele ya bibi, akaamkia, akajaribu. Sisi ndio tuliomfukuza mlangoni kwa sababu ya ngeli.

Somi aliendelea kupanda. Mwaka 2019 aliimba Frankfurt, Ujerumani, katika ukumbi wa Alte Oper, akisindikizwa na bendi kubwa ya redio ya mji huo. Onyesho hilo likawa albamu ya Holy Room, iliyoingia katika orodha ya waliowania Grammy ya albamu bora ya uimbaji wa jazz mwaka 2021. Inaelezwa kuwa ndipo kwa mara ya kwanza mwanamke mwenye asili ya Afrika ya leo, mtoto wa wahamiaji kama sisi, alipoingia katika orodha za jazz za tuzo hizo.

Kisha akamrudia mkubwa wake, Miriam Makeba. Wengi wetu tunamkumbuka Makeba kwa namna alivyoimba "Malaika" kwa Kiswahili. Mwaka 1960 mama yake Makeba alifariki, na alipotaka kurudi Afrika Kusini kumzika akakuta serikali ya ubaguzi imeifuta pasi yake. Hakurudi kwao hadi 1990. Somi aliandika mchezo wa jukwaani wenye nyimbo kuhusu maisha hayo, Dreaming Zenzile, na yeye mwenyewe akacheza nafasi ya Makeba. Tarehe 4 Machi 2022, siku ambayo Makeba angetimiza miaka 90, akatoa albamu ya nyimbo zake, wakiwemo Ladysmith Black Mambazo, Gregory Porter na tena Angélique Kidjo. Makeba alizaliwa Afrika akafungiwa mlango wa kurudi. Somi alizaliwa ughaibuni, na mlango akaufungua mwenyewe, kwa kwenda na kuuliza.

Asubuhi yake nilimwambia binti yangu, "Mwanangu, nisamehe kwa siku ile ya harusi. Nilikosea." Akanitazama kidogo, akasema haina neno. Alisema kwa Kiingereza. Sikumdai kingine.

Wiki iliyofuata, tukiwa garini, nilimwomba aniwekee Petite Afrique tangu mwanzo. Tulipofika shuleni akafungua mlango, akasita, akasema, "Baba, nyimbo ya tatu ni mzuri zaidi." Ulimi ulinicheza nimsahihishe. Nikaumeza. Nikamwambia jioni tutausikiliza tena, naye akaenda zake kwaya.

Wazazi wenzangu, mkiwa safarini wikiendi hii, mwachieni mtoto achague muziki wa gari, mumuulize kwa nini anaupenda. Akijibu kwa Kiswahili cha kuchechemea, msicheke. Na wewe mwanafunzi unayesoma hapa ukiwa umeacha kukisema kwa kuogopa kuchekwa, niandikie. Andika hivyohivyo kinavyokuja. Nitakujibu.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.