Tahariri: Kahawa inawadai wawakilishi wa Karagwe na Kyerwa

Anayetaka kuijua siasa ya Karagwe na Kyerwa asiishie kwenye matokeo ya uchaguzi. Matokeo hayo yamekuwa ya upande mmoja. Tangu 2015 majimbo yote mawili yako mikononi mwa CCM, na uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 ulifanyika baada ya vyama vikuu vya upinzani kujitoa. Atazame kahawa inapita wapi.

Wilaya hizi, zilizokuwa moja hadi 2012, ni za wakulima. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 332,020 Karagwe na 321,026 Kyerwa, wengi wao wakiishi vijijini kwa migomba na kahawa. Mgomba unalisha nyumba. Kahawa inalipa ada, inanunua bati, inamfikisha mgonjwa hospitali. Ushirika wa kahawa ulilea hata viongozi wa taifa: Sir George Kahama, aliyewahi kuwa mbunge wa Karagwe, aliongoza ushirika wa Bukoba kabla ya kuwa waziri.

Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa yote ipitie vyama vya msingi na vyama vikuu vya ushirika. Nia ilikuwa njema, kumwepusha mkulima na walanguzi. Lakini malipo yalipochelewa, mwenye mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada angengoja nini? Wapo waliouza butura, kahawa ikingali maua mtini, kwa bei ya kutupa. Wapo walioivusha Mto Kagera usiku kwenda Uganda. Dola iliwaita wahujumu, ikawawekea doria. Sisi tunasema magendo yale yalikuwa kura ya kutokuwa na imani, na waliopaswa kuisoma hawakuisoma.

Pale ambapo chama kimoja kinashika ubunge, udiwani na uenyekiti wa kijiji, hakuna mpinzani wa kumuulizia mwananchi maswali. Mzigo wa kutoa hesabu bila kuulizwa unawaangukia wenye madaraka wenyewe. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila miezi mitatu. Mwenyekiti anayeuahirisha kwa kisingizio cha mvua au akidi anamnyima mkulima baraza pekee lililo karibu na shamba lake.

Mbunge naye asijifiche nyuma ya Dodoma. Yeye ni mjumbe wa baraza la madiwani, na halmashauri inakata ushuru kwenye kila kilo ya kahawa inayouzwa kihalali. Akiomba kura anaahidi lami. Akishaapishwa, ushuru huo haumhusu?

Kabla msimu ujao haujafunguliwa, wabunge na madiwani wa wilaya zote mbili wabandike kwenye ofisi ya kila kijiji ushuru wa kahawa uliokusanywa msimu uliopita na ulikotumika. Chama cha msingi kibandike kando yake tarehe ambayo mkulima wa mwisho alilipwa.