NYUMBA YETU: Akiba ya jua kwa ajili ya usiku

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya kitu ambacho sasa kimo katika nyumba nyingi za mkoa wetu wa Mara, mjini na vijijini, lakini wengi wetu tunaishi nacho bila kukifahamu. Kitu hicho ni betri ya sola.

Zamani mama alijua mafuta ya taa yamebaki kiasi gani kwa kutikisa chupa. Betri haitikisiki. Imekaa kimya pembeni, haionyeshi njaa wala shibe, mpaka usiku inapotuacha gizani. Ndipo maneno huanza nyumbani: nani amewasha nini, nani amemaliza umeme. Tumetembelea nyumba tatu, moja Bunda, moja Musoma mjini na moja Butiama, nasi tumejifunza kwamba ugomvi huo si wa umeme tu.

Nyumba ya Bunda

Mama wa nyumba hii alikopa fedha katika kikoba chake, mumewe akaongeza za pamba, wakanunua paneli ya wati 150, inveta ndogo na betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 100. Furaha ilikuwa kubwa. Jioni watoto walisoma, baba akatazama mpira, na alfajiri mama akapiga pasi sare za shule. Baada ya miezi michache inveta ikaanza kulia kila usiku. Kontrola nayo ikawa inazima taa mapema ili kuilinda betri. Baba akamwita kijana mmoja wa jirani, akaunganisha nyaya moja kwa moja kwenye betri bila kupitia kontrola. Runinga ikaendelea kuwaka, na wote wakasifu ufundi huo.

Usiku mmoja mtoto mchanga akashikwa na homa kali, akaanza kustuka-stuka. Mama akabonyeza swichi, taa haikuwaka. Akatafuta simu ili amulike na kumwita dereva wa bodaboda, kumbe simu zote mbili zilikuwa zimezimika, kwa sababu umeme wa kuzichaji uliishia kwenye mpira. Ilibidi baba atoke gizani akagonge milango ya majirani. Mungu ni mwema, mtoto alifika hospitali akapona. Lakini mama alituambia kwamba usiku ule, akiwa amempakata mtoto asiyemwona uso, alilia kwa uchungu, na asubuhi akamwambia mumewe maneno ambayo mpaka leo anajuta kuyasema. Betri yenyewe ilikufa kabla ya kumaliza mwaka wa pili. Mkopo wa kikoba ulikuwa bado haujaisha.

Kosa lilikuwa la nani? Tupige hesabu pamoja. Volti 12 mara ampea-saa 100 ni wati-saa 1,200. Lakini betri ya risasi haipendi kutumiwa mpaka tone la mwisho. Tukitaka idumu, tuchukue nusu tu, yaani wati-saa 600. Sasa tazama matumizi ya jioni: balbu 4 za wati 7 kwa saa 4 ni wati-saa 112. Runinga na king'amuzi chake, wati 60 kwa saa 5, ni 300. Simu tano ni kama 60. Jumla ni 472, na ukiongeza kile ambacho inveta yenyewe inakula, tumekaribia 550. Nusu yetu imekwisha. Kisha alfajiri, kabla jua halijachomoza, inakuja pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa. Hizo ni wati-saa 500 nyingine, tena zinavutwa kwa nguvu kwa mara moja.

Paneli nayo ya wati 150, kwa siku ya jua zuri, huingiza kati ya wati-saa 500 na 550 hivi, baada ya kutoa zinazopotea njiani. Siku ya mawingu huingiza kidogo sana. Kwa hiyo nyumba hii ilikuwa ikila zaidi ya ilichovuna karibu kila siku. Betri ya risasi inayolala tupu huganda chumvi ndani ya bamba zake, na kadiri inavyoganda ndivyo inavyoshindwa kupokea chaji. Ile kontrola waliyoiruka ilikuwa mlinzi wa ghala, nao walimfukuza.

Basi baba alikosa kwa mpira, mama alikosa kwa pasi, na wote wawili hawakuwa wamekaa chini hata siku moja kuulizana: kilichomo ghalani ni kiasi gani?

Nyumba ya Musoma

Hapa mambo ni mengine, kwa maana umeme wa TANESCO upo. Wakati wa mgawo wa umeme wa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, mume na mke hawa walinunua betri na inveta inayochajiwa kwa Luku, baadaye wakaongeza paneli. Mama huyu alikuwa na swali: "Mbona tangu tulete betri uniti za Luku zinakwisha upesi zaidi?"

Huenda ana jamaa Uingereza aliyemwambia kwamba huko watu huchaji betri usiku wa manane ili waokoe fedha. Ni kweli, huko upo mpango wa tangu 1978 unaowapa wateja saa 7 za bei nafuu usiku, wakati viwanda na majumba yamelala. Hata jirani zetu wa Kenya walianza Desemba 2017 kuwapunguzia bei ya usiku wenye viwanda na biashara kubwa. Lakini Luku ya nyumbani kwetu haina saa ya bei nafuu. Uniti ya saa 7 usiku ni bei ile ile ya saa 1 jioni. Kuchaji betri usiku wa manane hapa hakuokoi hata senti.

Tena kuna hasara. Umeme unaoingia kwenye betri hautoki wote. Katika betri ya risasi, ukiweka uniti 10 utapata kama 7, nyingine zinageuka joto. Inveta nayo, hata pasipo taa yoyote kuwaka, yaweza kula wati 20 muda wote. Zidisha kwa saa 24 na siku 30, ni zaidi ya uniti 14 kwa mwezi.

Uniti 14 si jambo dogo kwa nyumba iliyo katika bei ya watumiaji wadogo. Kwa bei zilizoanza 2016, uniti 75 za kwanza katika mwezi ni shilingi 100 kila moja, na zinazozidi ni shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Nyumba inayotumia uniti 75 hulipa shilingi 7,500. Inayotumia uniti 95 hulipa shilingi 14,500, karibu mara mbili, kwa uniti 20 tu za nyongeza! Tena nyumba inayozidi mara kwa mara yaweza kuhamishiwa bei ya juu. Mama mwenzetu alikuwa amevuka mpaka huo bila kujua, kwa ajili ya inveta iliyokesha bila kazi.

Ufumbuzi wao ulikuwa huu. Walimwita fundi akapanga inveta ianze na jua, Luku ibaki ya kujazia tu wakati mawingu yamezidi au mgawo umetangazwa. Kazi nzito, kama pasi na pampu ya maji, zikahamishiwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, wakati paneli inatoa nguvu bila kupitia ndani ya betri. Hiyo ndiyo saa ya bei nafuu ya kwetu, mchana kweupe.

Wavuvi wetu wa dagaa wanalijua jambo hili. Zamani usiku wa giza ziwa lilimetameta kwa karabai. Siku hizi wengi hutumia taa za betri, na mchana utawaona wakizichaji. Mvuvi hawezi kuanza kutafuta chaji akiwa katikati ya maji.

Nyumba ya Butiama

Butiama ndiko alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, na bwawa kubwa la umeme la Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limepewa jina lake. Mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme Februari 2024. Tunashukuru kwa hatua hiyo. Lakini mama mjane tuliyemtembelea, anayelea wajukuu watatu, nguzo haijafika uani kwake. Ana paneli moja ndogo, betri ndogo, balbu tatu na redio. Cha ajabu ni kwamba betri yake imeingia mwaka wa sita.

Tulimwuliza siri yake. Akacheka akasema, "Wanangu, jua likizama dirisha la benki limefungwa. Natumia nilichonacho mfukoni."

Bibi huyu ana sheria tatu. Ya kwanza, taa ya kusomea ndiyo ya kwanza kupewa, redio ni ya mwisho. Ya pili, simu zote huchajiwa mchana, na moja hulala imejaa karibu na kitanda chake kwa ajili ya dharura. Ya tatu, kila Jumamosi mjukuu mkubwa hupanda kufuta vumbi la paneli kwa kitambaa chenye maji, asubuhi kabla haijapata moto. Mwembe uliokuwa ukitupa kivuli juu ya bati ameupunguza matawi, kwa maana kivuli cha tawi moja chaweza kupunguza sana umeme wa paneli nzima. Siku ya mvua hangoji betri ilie, jioni ile huwashwa balbu moja tu, na wote hukaa chini yake.

Tahadhari kwa akina mama

Betri ya risasi ya kuongeza maji isiwekwe katika chumba cha kulala wala karibu na jiko, kwa sababu inapochajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka. Iwe mahali penye hewa, mtoto asipofikia. Iongezwe maji ya betri tu, si ya bomba wala ya ziwani. Asidi ikimrukia mtoto, osha kwa maji mengi kwa muda mrefu, kisha mpeleke hospitali.

Betri ikifa, tusikubali ivunjwe uani ili risasi yake iyeyushwe kuwa vizito vya nyavu. Moshi na vumbi la risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na madhara hayo hayafutiki. Irudishwe kwa wanaonunua betri chakavu kwa kazi hiyo.

Anayenunua upya, na auze swali hili kwa fundi: ni ya risasi au ya lithiamu? Ya lithiamu ni ghali zaidi, lakini huruhusu kutumiwa karibu yote, nayo hudumu miaka mingi zaidi. Hata hiyo haiongezi jua. Ni ghala kubwa zaidi, na ghala halilimi.

Tuzungumze nyumbani

Wapendwa, Bwana Yesu alisimulia habari za wanawali kumi katika Mathayo sura ya 25. Wote kumi walikuwa na taa, wote walisinzia. Tofauti yao ilikuwa katika kile walichobeba kabla giza halijaingia. Usiku wa manane si saa ya kwenda dukani.

Yule mama wa Bunda na mumewe wamenunua betri nyingine, safari hii wakiweka kidogo kidogo. Kabla haijafungwa walikaa mezani na watoto wao, wakaandika kwenye karatasi kila kifaa, wati zake na saa zake, wakaibandika ukutani. Pasi imehamia mchana. Mpira upo, lakini jua likiwa dogo baba huenda kuutazama kwa jirani, na mwenyewe ndiye aliyelitamka hilo. Mama naye alimwomba radhi kwa maneno yale ya asubuhi. "Baba," alimwambia, "nilikulaumu peke yako, na pasi ilikuwa mkononi mwangu." Naye akajibu, "Mama, tuliila pamoja, tuijaze pamoja."

Mwezi huu nasi tujaribu. Jioni moja, baada ya sala ya nyumbani, tuchukue kalamu na karatasi tuandike kinachoingia na kinachotoka. Tusianze kwa kuuliza nani amemaliza. Tuanze kwa kuuliza mtoto akiugua usiku wa leo, taa itawaka?

Mungu azibariki nyumba zenu. Tukutane mwezi ujao.