Anza na maneno ya jikoni, simba na fisi watangoja

Ukiolewa mbali na kwenu, usinunue kitabu cha wanyama. Mimi nilinunua. Kabla ya kwenda Siaya mara ya kwanza kuwaona wakwe zangu, nilikaa majuma mawili nikikariri Kijaluo: sibuor ni simba, ondiek ni fisi, yath ni mti. Nilijiona msomi. Nikafika kwa mavyaa, na muda wote niliokaa huko sikuona simba wala fisi. Niliona sufuria.

Siku ya tatu jioni, mume wangu akiwa amekwenda sokoni, mavyaa alikuwa ameketi jikoni ameshika kichwa. Akaniambia, "Nyar Taita, miya yath." Miya nilikuwa nimeishika: nipe. Yath nayo niliijua vizuri sana, ilikuwa na ukurasa wake na picha. Basi nikatoka mbio, nikarudi na ukuni mkavu, nikauchochea motoni. Akarudia. Nikaongeza wa pili. Mama wa watu anatokwa na jasho, presha imepanda, na mimi nazidi kumwashia moto! Aliyemwokoa ni mtoto wa shemeji, wa darasa la pili, aliyeingia akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili, akafungua kabati na kutoa vidonge. Katika Kijaluo yath ni mti, na ni dawa pia.

Mavyaa alipata nafuu, na kisa hicho hukisimulia kila Krismasi watu wakacheka hadi machozi. Lakini usiku ule mimi sikulala.

Asubuhi nilichukua daftari nikaketi jikoni. Kila neno nililolisikia nililiandika, na kila liliporudiwa nikalipigia kijistari. Yaliyojaa vijistari yalikuwa pi (maji), kel (leta), bi (njoo), ang'o (nini), onge (hakuna), pamoja na vijineno kama to, gi na ok, ambavyo hakuna mchoraji awezaye kuvichora. Hayakufika hata 70. Hata hivyo, kufikia Jumapili nilikuwa nikisikia sentensi pale nilipokuwa nikisikia kelele tu.

Kumbe kazi hiyo ilifanywa na wengine zamani. Mjerumani F. W. Kaeding, mwishoni mwa karne ya 19, aliwasimamia watu waliohesabu karibu maneno milioni 11 ya Kijerumani, ili kuwafaa waandishi wa hati mkato. Mwaka wa 1953 Michael West alitoa orodha ya maneno kama 2,000 ya Kiingereza kwa wanaojifunza lugha hiyo. Mwenye kuyajua hayo huweza kutambua takriban maneno manane katika kila kumi ya maandishi ya kawaida. Hebu jaribu mwenyewe: chukua kalamu, uhesabu na, ya, ni na kwa katika ukurasa huu. Utachoka kabla hujafika chini.

Ila hesabu nayo ina upofu wake. Katika miaka ya 1950 huko Ufaransa, Georges Gougenheim na wenzake walitumia mazungumzo ya watu yaliyorekodiwa, wakahesabu maneno zaidi ya 300,000. Wakagundua kwamba majina ya vitu ambavyo Mfaransa huvishika kila siku, kama vile uma, yalijitokeza kwa nadra mno. Nani hutaja uma wakati anakula? Iliwabidi wawaombe wanafunzi waorodheshe maneno ya chakula, ya mwili, ya nguo na kadhalika, ndipo orodha ikakamilika.

Dawa ni neno la namna hiyo. Nyumba inaweza kukaa juma zima bila mtu kulitamka, halafu likatamkwa na mtu anayetokwa na jasho.

Nayasema haya kwa sababu ya binti wa jirani yangu, anayejiandaa kwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani. Alinionyesha karatasi ya maneno ya Kiarabu aliyopewa na ajenti wake. Osha, pika, fagia, haraka, mtoto analia, ndiyo bibi. Ni maneno ya kawaida, sikatai, na atayasikia kutwa kucha. Nikatafuta pasipoti, haimo. Mshahara, haumo. Hospitali, haimo. Simu, naumwa, nataka kuzungumza na nyumbani, hakuna hata moja. Aliyeitunga orodha ile alimfikiria mwajiri peke yake, na msichana akisoma hiyo tu atafahamu kila anachoamriwa bila kuweza kuomba lolote.

Mimi Kiarabu sikijui, basi tulimwendea maalim wa madrasa iliyo karibu. Msichana akauliza, maalim akatamka polepole, yeye akaandika nyuma ya karatasi ile ile: jawaz, pasipoti, ratib, mshahara, mustashfa, hospitali. Nilimwambia ayakariri hayo kabla ya fagia, maana fagia ataonyeshwa kwa kidole.

Tulipokuwa tunaaga, akageuka. "Maalim, na nikitaka kusema nimechoka?"

"Ana taabana," maalim akajibu.

Msichana akacheka. "Kumbe ni taabani! Hilo ninalo tayari."