Kwenda Nairobi kwa Pikipiki

Vijana wetu wanaokusudia kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa pikipiki, masafa ya kilomita 480 hivi, hushughulikia breki, mnyororo na upepo wa tairi. Ni vyema. Lakini twawauliza: usiku wa kuamkia safari mlilala? Mwili nao una haki yake, na usingizi hauondolewi kwa kahawa. Lala baada ya Isha, ondoka baada ya Alfajiri, pumzika Voi, kisha Mtito Andei, takriban nusu ya njia. Usikimbie kuiwahi Adhuhuri. Msafiri ameruhusiwa kuikusanya na Alasiri, rakaa mbili mbili. Na mwenye deni lililokwisha kuiva aombe idhini ya mdai wake kwanza. Mafakihi waliyanena haya tangu zama za ngamia.