Hakuna Ramani Tupu

Wapenzi wa gemu za mikakati wana imani moja waliyorithishana hadi ikageuka msahafu. Ukitaka kujenga kwa utulivu, wanakwambia, chagua taifa la watu wapole na ramani pana isiyo na mtu. Chukua India ya Gandhi, jitenge kisiwani, lima, simamisha maktaba zako, na dunia itakuacha. Huo ni upuuzi, na mkazi wa Bungoma au Kitale ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kuutema.

Hao wapole ni akina nani? Katika gemu ya Civilization V, Gandhi huyo huyo akiongozwa na kompyuta ndiye mwenye uchu mkubwa kuliko wote wa kurusha mabomu ya nyuklia. Watengenezaji waliweka utani huo makusudi. Wachezaji hucheka, kisha hurudi kuhubiri kwamba tabia ya watu inajulikana kwa jina la kabila lao.

Tazama Wabukusu wa Bungoma: walikuwa wakulima na wafugaji, na waliishi ndani ya ngome: ukuta wa udongo wa mviringo, handaki nje, lango jembamba la kuingizia ng'ombe jioni. Mpelelezi Joseph Thomson alipopita pande hizo mwaka 1883 alivikuta vijiji vyenye kuta. Je, hao ni watu wa vita au wa amani? Swali lenyewe ni bovu. Walijenga kuta kwa sababu majirani walikuja kuchukua mifugo, na wao pia walijua kuifuata ya wenzao. Mwaka 1895 walipokataa kusalimisha bunduki zao, ofisa wa Kiingereza Hobley aliwajia Lumboka na kisha Chetambe, kilima kilicho juu ya Webuye, akiwa na askari wa Kisudani, wasaidizi Waafrika na bunduki ya Maxim. Ukuta uliozuia mikuki haukuizuia Maxim. Kule Wanga, mfalme Mumia alishikana na Waingereza, ufalme wake ukanenepa, na jirani zake ndio waliolipa. Amani haikukaa katika damu ya yeyote kati yao. Ilitegemea nani yuko jirani, na mmepatana nini.

Ila uongo mkubwa zaidi ni ule wa ramani tupu, na huo tumeuona kwa macho yetu. Mwaka 1903 Uingereza iliwapa Wazayuni fursa ya kupata ardhi katika nyanda za Uasin Gishu, mlango wa pili kutoka Trans Nzoia, kwenye mji wa Kitale. Tume ikaja kukagua, na mwaka 1905 mkutano wao ukakataa. Makaburu walifika mwaka 1908, walowezi wengine wakafuata, na mwaka 1926 reli ikaingia Kitale. Hoja ilikuwa moja: huku hakuna mtu. Ilhali nyanda zenyewe zimejaa mashimo ya Wasirikwa, mabaki ya mazizi ya waliotangulia! Wamasai wa Uasin Gishu walikuwa wameng'olewa na vita vya karne ya 19. Utupu ule ulikuwa jeraha, na mgeni akausoma kama mwaliko.

Gemu inafundisha usomaji uleule. Kwenye Civilization VI, pori lina kambi za "washenzi", na ukiifuta kambi unalipwa dhahabu. Yaani mpenda amani anafungua mchezo wake kwa kufagia watu ili ramani iwe tupu, kisha anajisifu hajapigana na mtu. Mwaka 2018, gemu hiyo ilipomleta chifu Poundmaker wa Wakrii wa Kanada, mmoja wa viongozi wao, Milton Tootoosis, alilalamika kwamba babu yao amevishwa tabia za kikoloni za kuteka ardhi. Alikuwa na haki. Nasi tusijifanye wageni wa jambo hilo: kwenye Mlima Elgon, ugomvi wa viwanja vya mpango wa makazi wa Chebyuk, vilivyogawanywa na kugawanywa upya kwenye karatasi, ulizaa umwagaji damu kuanzia 2006 hadi jeshi likaingia mwaka 2008.

Najua jibu: "Ni mchezo tu, bwana." Vema, tuongee mchezo. Kwenye visiwa unachelewa kukutana na wenzako, kwa hiyo huna wa kufanya naye biashara, huna wa kutia naye saini mkataba wa utafiti, na siku manowari zinapotokea ndiyo kwanza unakutana na aliyezituma. Upweke huo ndio wanaouita usalama.

Leo usiku ukifungua Civilization V, achana na visiwa. Chukua bara moja na majirani wa karibu. Shika Uhabeshi: taifa hilo hupata nguvu ya ziada ya asilimia 20 linapopigana na dola yenye miji mingi kuliko yake, nalo halikuachi ujidanganye kwamba hakuna atakayekujia. Tuma wajumbe kabla ya kujenga maktaba ya pili. Ukishindwa kukaa na jirani kwenye gemu, hata kisiwa hakitakusaidia.