JICHO LA FUNDI NA JICHO LA MASHINE

Mwezi wa Agosti mwaka 2025, jarida la Lancet linaloshughulikia maradhi ya tumbo na ini lilitangaza habari kutoka Poland ambayo kila mfanyakazi anastahili kuisikia, hata yule ambaye hajapata kuingia chumba cha daktari wa tumbo. Habari hiyo yahusu kazi ya macho na mikono, na yale yanayoipata kazi hiyo pindi mashine inapoletwa kuisaidia.

Wengi wa wasomaji wetu wanakijua kipimo cha endoskopi, ama kwa kufanyiwa wenyewe ama kwa kumpeleka mgonjwa wao hospitali. Daktari huingiza mpira mwembamba wenye taa na kamera, kwa kinywa ikiwa ataka kutazama njia ya chakula na tumbo, au kwa njia ya haja kubwa ikiwa ataka kutazama utumbo mpana. Katika utumbo mpana anachokitafuta zaidi ni vinyama vidogo, ambavyo baadhi yake vikiachwa miaka mingi hugeuka saratani. Akikiona, mara nyingi hukikata papo hapo kwa kitanzi cha waya, na mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile. Asipokiona, kinabaki.

Na madaktari hawaoni sawa. Mwaka 2010 Wapoland hao hao walieleza jinsi walivyofuatia kazi ya madaktari 186 na watu zaidi ya 45,000 waliopimwa nao. Walikuta kwamba wale waliopimwa na madaktari wenye kuona vinyama kwa uchache ndio waliozidi kupatwa na saratani baadaye, ingawa walikwisha kupimwa. Mwaka 2014 watafiti wa California nao wakapiga hesabu yao: kwa kila asilimia 1 ambayo daktari anamzidi mwenzake katika kuona vinyama, hatari ya saratani kwa wagonjwa wake ilikuwa pungufu kwa asilimia 3. Uhai wa mtu, basi, unategemea ustadi wa fundi aliyemwangukia siku hiyo.

Kwa hiyo akili mnemba ilipoingizwa katika chumba hicho furaha ilikuwa kubwa, nasi hatuwalaumu waliofurahi. Kompyuta hutazama picha ile ile anayoitazama daktari, na mara inapotilia shaka mahali huweka alama ya mraba kwenye kioo. Katika jaribio lililofanywa Italia kwa watu 685, na kutangazwa mwaka 2020, vinyama vya aina hiyo vilionekana kwa asilimia 54.8 ya waliopimwa kwa msaada wa kompyuta, na kwa asilimia 40.4 ya waliopimwa bila msaada huo. Mwaka uliofuata Marekani ikaruhusu chombo cha namna hiyo kiuzwe nchini mwake.

Sasa turudi Poland. Vituo vinne vilianza kutumia kompyuta hizo mwishoni mwa mwaka 2021, lakini si kwa kila mgonjwa. Watafiti wakauliza swali jepesi: daktari aliyekwisha izoea mashine, siku anapofanya kazi bila hiyo, anaona kama alivyokuwa akiona zamani? Madaktari waliochunguzwa walikuwa 19, wala si wanagenzi. Kila mmoja alikwisha fanya vipimo zaidi ya 2,000. Katika miezi mitatu kabla ya mashine kuja waliona vinyama kwa asilimia 28.4 ya wagonjwa wao. Katika miezi mitatu baada ya kuja kwake, kwa wagonjwa waliopimwa bila mashine, waliona kwa asilimia 22.4 tu.

Tuwe waadilifu. Uchunguzi huu haukuwagawa wagonjwa kwa kura, kwa hiyo huenda sababu nyingine nazo zilichangia, na yafaa urudiwe mahali pengine. Lakini nani kati yetu hamjui karani aliyekuwa akijumlisha safu nzima ya tarakimu kichwani, ambaye leo hawezi kununua nyanya za kilo mbili bila kutoa simu mfukoni? Jicho lililozoea kungoja alama ya mraba huacha kutafuta.

Hatusemi mashine zikataliwe. Asemaye hivyo asahau kwamba mpira wenyewe ni mashine. Kabla ya Basil Hirschowitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan kutengeneza mpira wa nyuzi za kioo unaopindika, mwaka 1957, vyombo vya kutazamia tumbo vilikuwa vigumu na vya kuogofya. Hirschowitz alijaribu chombo chake kwanza katika koo lake mwenyewe, na hilo lasema mengi juu ya mtu yule. Tunalokataa sisi ni neno la mchuuzi anayesema kwamba mwenye mashine hana haja tena ya fundi.

Neno hilo ni la hatari zaidi huku kwetu. Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia na kushuka kusini, imo katika ukanda ambao saratani ya njia ya chakula imeshamiri kuliko sehemu nyingi za dunia. Mgonjwa mara nyingi hufika hospitali akiwa hawezi tena kumeza hata uji. Hapa kwetu maendeleo yamepatikana kwa vyombo vya gharama ndogo vilivyo katika mikono iliyofundishwa vema. Katika hospitali ya Tenwek, huko Bomet nchini Kenya, waliwapima watu wapatao 300 wasio na dalili yoyote, wakainyunyizia njia ya chakula maji ya iodini. Mahali penye afya hugeuka rangi ya kahawia. Mahali penye kasoro hubaki bila rangi hiyo. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba karibu mtu 1 katika kila 7 alikwisha kuwa na mabadiliko yanayotangulia saratani. Hospitali hiyo hiyo imeandika jinsi inavyoweka bomba la wavu wa waya ili mgonjwa aliyeziba koo ameze tena, na kazi hiyo huifanya bila mashine ya eksirei ambayo kwingine huhesabiwa kuwa ya lazima.

Wala tusimsahau yule asiyeonekana kabisa, yaani mwoshaji. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba aina moja ya mipira hii, ile ya kufikia njia ya nyongo, ni vigumu kusafishika, na wagonjwa walikuwa wameambukizwa vijidudu visivyosikia dawa. Ikiwa nchi tajiri ilipatwa na hayo, hospitali yenye mpira mmoja na foleni ndefu yapaswa kumtazamaje mtu wake wa kuosha? Sisi twamhesabu katika mafundi, na mshahara wake uonyeshe hivyo.

Basi hospitali inayotaka kununua kompyuta ya kuonea vinyama na inunue, ila mkataba uandikwe kwa macho wazi. Pawepo fedha za mafunzo, za vipuri na za fundi wa kutengeneza aliye karibu. Mwaka 2016 Wapoland walitangaza jaribio katika vituo 40: vile ambavyo viongozi wake walipelekwa mafunzoni viliongeza kuona vinyama kuliko vile vilivyopewa taarifa ya matokeo yao peke yake. Hayo yaliwezekana bila kompyuta hata moja. Na pale ambapo kompyuta imekwisha fungwa, kila daktari atengewe siku za kufanya kazi nayo ikiwa imezimwa, hesabu ya siku hizo iandikwe kwa jina lake, naye aonyeshwe kila baada ya miezi mitatu.