Wakamuaji wa Katesh wasinunue mng'aro, wanunue kinga

Usemi kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza umekuwa kisingizio cha wenye viwanda vidogo wengi kutojali vifungashio vyao. Katika soko huria usemi huo una sharti moja: mnunuzi lazima aweze kulisoma jina la hicho kizuri atakaporudi dukani mara ya pili.

Hapo ndipo mafuta ya alizeti ya Katesh yanapokwama. Mji huo, makao makuu ya Wilaya ya Hanang mkoani Manyara, uko kwenye barabara ya lami itokayo Singida kwenda Babati na hatimaye Arusha. Alizeti inalimwa, mashine za kukamua zipo na wasafiri wananunua. Lakini chupa inayotoka kiwandani na lebo safi huweza kufika kwenye rafu ikiwa na karatasi iliyolowa mafuta, picha ya ua imechubuka na tarehe haisomeki. Mara nyingi chanzo chake ni uamuzi wa dakika tano mezani kwa mpiga chapa: lebo imaliziwe kwa vanishi gani.

Ziko njia nne za kawaida. Ya kwanza ni vanishi ya mafuta, ambayo hupakwa kwa mashine ile ile ya kuchapia, mithili ya wino usio na rangi. Bei yake ni nafuu, lakini hukauka polepole, huwa na harufu, na huelekea kuwa ya manjano kadiri siku zinavyopita. Ya pili ni vanishi ya maji. Hii hukauka upesi, haina harufu kali na haigeuki rangi, ila hukunja karatasi nyembamba. Ya tatu ni vanishi ya UV, inayokaushwa papo hapo kwa taa za mionzi ya urujuanimno. Ni ngumu na yenye mng'aro mkubwa. Ya nne, ambayo kwa hakika si vanishi, ni laminesheni, yaani utando mwembamba wa plastiki unaobandikwa juu ya karatasi.

Hapana shaka kwamba mkamuaji akiwekewa sampuli nne mezani atavutwa na ile inayometameta. Hoja yake ina uzito. Mafuta yake yanasimama dukani karibu na chupa za makampuni makubwa, na jicho la mnunuzi hukimbilia kinachong'aa. Kosa ni kuufanya mng'aro kuwa kipimo cha kwanza. Kipimo cha kwanza kinapaswa kuwa kile kitakachoikuta lebo baada ya kutoka kiwandani.

Kwa mafuta ya alizeti jibu liko wazi. Mkono unaomimina una mafuta, kizibo huvuja, na chupa husuguana ndani ya katoni kwa mamia ya kilomita. Karatasi yenye vanishi nyepesi hunyonya mafuta na kuanza kupitisha mwanga. Hata laminesheni hulinda uso tu. Pembeni palipokatwa karatasi hubaki wazi, na mafuta huingilia hapo. Lebo ya plastiki ndiyo inayofaa zaidi kwa chupa ya mafuta, na yenye laminesheni inafuata. Vanishi ya kung'aa juu ya karatasi ya kawaida ni pambo la siku chache.

Kwa asali hali ni tofauti. Katesh iko chini ya Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, na katika baridi ya nyanda za juu asali huganda. Muuza duka huiweka chupa kwenye maji ya moto ili iyeyuke, na lebo ya karatasi inaoga pamoja nayo. Kwa hiyo gundi na uso wa lebo ya asali havina budi kustahimili maji. Boksi la unga wa lishe au la viungo, ambalo halikutani na mafuta wala maji, linatosheka na vanishi ya maji. Hapo vanishi ya mafuta haifai, kwa kuwa unga hushika harufu haraka.

Wapo wanaoshauri kwamba vanishi isiyong'aa ndiyo ya kisasa na ya heshima. Nayo ina ila yake. Kwenye rangi nzito, kama nyeusi au kijani kilichokolea, michubuko ya safari huonekana upesi. Faida yake ni kwenye msimbo pau, ambao mashine ya dukani huusoma kwa mwanga. Mng'aro mkali huweza kuurudisha mwanga huo vibaya na mashine ikakataa kusoma.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni nafasi isiyopakwa vanishi. Mhuri wa tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo haushiki vizuri juu ya vanishi ya UV. Ukiguswa kwa kidole unafutika. Gundi ya boksi nayo haishiki mahali palipopakwa. Mwenye bidhaa asipomwambia mpiga chapa aache dirisha la mhuri na ukingo wa gundi, atapokea maboksi mazuri yasiyofungika. Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula, halitajali uzuri wa ua la alizeti ikiwa tarehe haisomeki.

Suala la usalama nalo si la kupuuza. Mwaka 2005 serikali ya Italia ilikamata mamilioni ya lita za maziwa ya watoto ya Nestlé baada ya kukutwa na kemikali iitwayo ITX, inayosaidia wino kukauka kwa mionzi ya UV. Kemikali hiyo ilitokana na uchapaji wa upande wa nje wa maboksi ya Tetra Pak. Vanishi ya UV nayo hukaushwa kwa kemikali za namna hiyo, na karatasi zikipangwa au kuviringishwa uso wa nje hugusana na uso wa ndani. Ikiwa kampuni kubwa za Ulaya zilipatwa na hilo, mwenye kiwanda kidogo anayepakia unga moja kwa moja ndani ya boksi ana haki ya kumwuliza mpiga chapa kama vanishi yake inafaa kwa chakula.

Kinachowazuia wengi ni gharama. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba lebo 5,000 zinachapwa kwa shilingi 100 kila moja, na kinga inayofaa inaongeza shilingi 30. Nyongeza hiyo ni shilingi 150,000. Mkamuaji akiikwepa, kisha chupa 500 tu zikauzwa kwa punguzo la shilingi 500 kwa kuwa lebo zimechakaa, amepoteza shilingi 250,000. Rahisi huvunja upishi.

Hanang inaujua ubaya wa kuuza bila jina. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, yaliyosaidiwa na Kanada, yalitoa ngano iliyoliwa mijini, na mlaji wa mkate hakuwa na njia ya kujua ilikotoka. Alizeti inayopakiwa kwa magunia inafuata njia hiyo hiyo. Chupa yenye lebo inayosomeka ndiyo inayomwezesha mkamuaji kudai bei yake mwenyewe.

Wakamuaji wa Katesh wanaweza kuagiza pamoja. Lebo za ukubwa mmoja zenye majina tofauti huchapwa katika karatasi moja, na gharama ya kuandaa mashine ikagawanywa. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ingefaa kuwakutanisha kabla ya kila msimu.

Kabla ya kulipa malipo ya awali, kila mmoja adai sampuli iliyomaliziwa kama kazi yenyewe. Aibandike kwenye chupa, aipake mafuta, aisugue kwa kitambaa, aipige mhuri na kuiacha juani siku tatu. Ikishindwa, atakuwa amepoteza kijiko kimoja cha mafuta badala ya lebo 5,000.